Muhuri Juu ya Stempu, na Biashara Ambayo Serikali Haikuiona

Mkusanyaji wa stempu huthamini ile iliyo safi, isiyoguswa na wino. Mwanahistoria wa biashara anapaswa kutamani kinyume chake. Stempu ya ushuru ambayo haijafutwa hutuambia tu kile ambacho serikali ilitaka tukijue: sura ya mfalme, thamani, jina la koloni. Iliyochafuliwa kwa muhuri, saini au tarehe iliyoandikwa kwa haraka juu ya meza ya duka, ndiyo iliyokwenda sokoni na kurudi na habari.

Wajapani walipoanza kutumia stempu za ushuru mwaka 1873, katika miaka ya Meiji, hariri na chai ndizo zilizokuwa bidhaa zao kuu za kuuza nje. Desturi yao ya kufuta stempu ni kugonga muhuri wa mwenye hati, sehemu juu ya stempu na sehemu juu ya karatasi, ili isibanduliwe ikatumika tena. Hata hati ikipotea, kipande kilichobaki huweza kumtaja mfanyabiashara.

Kwetu desturi ya namna hiyo ilipitia Bahari ya Hindi. Sheria ya Stempu ya India ya mwaka 1899 ilimruhusu anayebandika stempu kuifuta kwa kuandika juu yake jina lake au la kampuni yake, pamoja na tarehe ya kweli. Wazee wengi nchini bado wanakumbuka kusaini juu ya stempu ndipo wakabidhiwe fedha. Ni jambo dogo, lakini tafakari maana yake: mtu ambaye hakuwahi kuandika kitabu wala barua kwa gazeti aliacha jina lake na siku yake juu ya mali ya dola.

Sura ya stempu nayo ina lake la kusema. Mfanyabiashara aliyefungua duka bara mwaka 1900 alihesabu kwa pesa, 64 kwa rupia moja. Kufikia mwaka 1905 Wajerumani walikuwa wameleta heller, 100 kwa rupia. Vita vikaja, Waingereza wakatumia stempu za jirani zilizopigwa chapa ya herufi G.E.A., na kufikia mwaka 1922 alikuwa akihesabu kwa shilingi na senti, huku stempu ya Tanganyika ikiwa na kichwa cha twiga. Maisha ya duka moja, hesabu nne.

Tangu mwaka 1935, hata hivyo, sura inatuacha njiani. Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia stempu za pamoja zenye majina yote matatu, na stempu hizo za posta zilitumika pia kwenye hati za ushuru. Ukiletewa moja bila muhuri, huwezi kujua kama ililipia mkataba wa pamba Kampala au risiti ya ng'ombe Mbulu. Muhuri peke yake ndio unaojibu.

Hapo ndipo Mogitu inapoingia. Tuko njia panda, pale barabara ya Haydom inapoachana na barabara kuu ya Singida na Babati. Lakini anayetafuta Hanang katika mihuri ya ukoloni asishangae akikuta Mbulu, kwa kuwa Hanang ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Jina la mahali kwenye muhuri ni jina la ofisi, si la malisho. Mnyama aliyelelewa chini ya Mlima Hanang anaingia katika historia kama ng'ombe wa Mbulu.

Na wengi hawakuingia kabisa. Ng'ombe wa mahari, mtamba aliyekopeshwa rafiki, mbuzi aliyebadilishwa kwa mtama kati ya Mbarbaig na Mwiraqw: hao hawakubandikiwa stempu. Naona wenzangu fulani wakichukua karatasi za serikali kama kipimo cha biashara ya ng'ombe, na sikubaliani nao. Karatasi hizo zinapima uhusiano wa mfugaji na dola. Mfugaji aliyeuza dume ili alipe kodi aliacha alama. Aliyeishi vizuri bila kuuza hakuacha, na msomaji asiye makini atamwita maskini.

Leo hali ni mbaya zaidi kwa namna nyingine. Tangu mwaka 2010 tuna mashine za kielektroniki za risiti, na tangu 2019 stempu za kielektroniki kwenye sigara na vileo. Kwa mkusanya kodi ni hatua njema. Lakini karatasi ya mashine hizo hufifia, na mfanyabiashara haandiki tena jina lake kwa mkono wake. Karatasi za zamani nazo zinaliwa na mchwa. Tope lililoishukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023, pamoja na maafa makubwa zaidi ya watu, lilifukia maduka na vilivyokuwamo.

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inalinda karatasi za ofisi za umma. Haifiki kwenye sanduku la bati nyuma ya duka. Mtumishi anayeagizwa kusafisha stoo ya halmashauri, aulize kwanza kabla ya kuwasha moto. Na mwanafunzi anayekwenda kwao likizoni, amwombe babu afungue sanduku, apige picha risiti mbele na nyuma, wala asibandue stempu.