Nyumba za Mawe za Lamu na Wageni Wake



Watu wa pwani tuna tabia moja ya ajabu: kitu tulichozaliwa ndani yake hatukioni mpaka aje mgeni atuoneshe kwa kidole. Nyumba za mawe za Lamu ni mfano wa hayo. Leo mtu hutoka Ufaransa au Italia, akashuka kiwanja cha ndege cha Manda, akavuka kwa mashua, akalipa fedha nyingi ili alale katika chumba ambacho mjukuu wa aliyekijenga amekihama kwa kuwa dari lavuja. Tusimcheke mgeni huyo, wala tusimwonee choyo. Yafaa kwanza tuingie naye ndani, tujue anacholipia.

Nje ya mlango pana daka, lenye baraza za mawe huku na huku. Hapo wanaume walikaa wakazungumza na kupatana biashara. Ukivuka mlango wa mbao uliochongwa waingia tekani, na njia hupinda, kusudi mlango ukifunguliwa mpita njia asione ya ndani. Kisha watokea kiwanda, ua ulio wazi juu, uletao mwanga na upepo katika nyumba ambayo kuta zake za njiani hazina madirisha makubwa. Kutoka hapo nyumba huenda ikipanda: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati. Kila uingiapo mwanga hupungua na siri huzidi. Adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu imo katika Suratun-Nur, na waashi wa Lamu waliijua vizuri.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni boriti. Dari lilibebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko hauwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa juu ya nafasi pana. Basi chumba hakikufika upana wa mita 3. Kuta ni za matumbawe, nene kadiri ya nusu mita, zimeshikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe yale yale juu ya kuni. Katika ukuta wa ndani ndimo zilimo zidaka, safu juu ya safu, na humo ziliwekwa sahani za Kichina na vitu vya thamani. Nyingi katika nyumba hizi ni za karne ya 18, Lamu ilipokuwa na mali ya bahari na mashamba. Na tusijisifu tukasahau: mikono mingi iliyobeba mawe hayo ilikuwa ya watumwa.

Sasa angalia jambo moja, kwani ndilo lililonifanya niandike. Wazee wetu hawakungoja hoteli ili kumfikiria mgeni. Kando ya kiwanda walimjengea sabule, chumba chake mwenyewe. Mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za kaskazi aliweza kukaa hapo wiki nyingi, akala, akalala, akahishimiwa, wala asiwahi kuiona ndani. Ile ndani ilikuwa ya wanawake, tena mara nyingi nyumba yenyewe ilikuwa yao: katika jamaa wenye uwezo, binti akiolewa alipewa nyumba, au akajengewa ghorofa juu ya nyumba ya mamake, na nyumba mbili zikaunganishwa kwa wikio juu ya njia. Katika vyumba vya nyuma ndimo walimozaliwa watoto, na ndimo maiti walimooshewa. Hoteli imegeuza mpango huo. Mgeni halali tena sabule. Hupewa ndani, kwa kuwa ndiyo yenye zidaka nzuri.

Hata hivyo insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967, na baada yake wageni wengi wakanunua magofu ya hapo wakayasimamisha upya. Mwaka 1986 mji wa kale wa Lamu uliwekewa mpango wa hifadhi, na mwaka 2001 UNESCO ikauandika katika urithi wa dunia, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja. Huko Unguja tumeona nyumba isiyotazamwa huwaje: hata Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo mwenye hoteli aliyemlipa fundi achome chokaa ameokoa ukuta, na pia ameokoa kazi ya fundi. Sisi wenyewe mara nyingi twaziba nyufa kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani ya matumbawe, na ukuta huoza huku uso wake ukionekana mpya.

Wala nyumba haiuzwi kwa tamaa tu. Mtu akifa, mirathi hugawanywa kwa haki. Baada ya vizazi vitatu nyumba moja ina warithi ishirini, mmoja yuko Mombasa, mwingine Jiddah, na hakuna anayetengeneza dari la watu ishirini. Mnunuzi akija, wote hutia saini. Wangeweza kuikodisha kwa miaka kadhaa, au kuiweka wakfu kabla mambo hayajafika hapo, lakini ni wachache wanaokaa pamoja wakalizungumza hilo mzee akiwa hai.

Namjua bi mkubwa mmoja aliyekwenda kupiga hodi katika nyumba aliyozaliwa, ambayo sasa ni hoteli. Kijana wa mlangoni akamuuliza kama ameandikisha chumba. Akasema hapana, ataka kutazama tu. Wakamruhusu. Alivua viatu penye msana wa tini, akapita kimya mpaka ndani, akagusa zidaka kimoja, kisha akaingia chooni akainama juu ya birika. Akauliza samaki wako wapi. Hawakumfahamu. Ikabidi awaeleze kwamba katika birika palikaa samaki wadogo, wakila vijidudu vya mbu, na lile bakuli lililojengewa chini ya maji ni la kuwahifadhi maji yakipungua. Mwenye hoteli alikuwa amedhani ni pambo. Siku chache baadaye alimpeleka mtu kwa bi mkubwa kumuuliza ni samaki wa namna gani.