Upande wa Pili wa Kanda

Desemba iliyopita nilikwenda Morogoro kumsalimu baba, ambaye sasa amevuka miaka 80. Siku ya pili aliniomba nimsaidie kupunguza vitu stoo, na huko nikakutana na sanduku langu la bati la shule ya bweni. Chini ya daftari za kidato cha pili ilikuwapo kanda ya dakika 90 niliyoletewa na mjomba kutoka Leipzig mwaka 1991. Utepe ulikuwa umeota ukungu, haufai tena. Lakini karatasi ya ndani, ambayo mjomba aliandika majina ya nyimbo kwa ule mwandiko wake wa kulala, ilisomeka yote. Usiku ule nilizitafuta nyimbo hizo kwenye simu, moja baada ya nyingine, nikazisikiliza kwa mpangilio alioupanga yeye.

Upande wa kwanza ulikuwa wa Scorpions, na nilikuwa nimeukariri wote tangu ujana. Wakati ule bara hatukuwa na televisheni hata moja, na redio ya ndani ilikuwa Radio Tanzania tu. Bwenini wenzetu walipenda bolingo na rege, na wachache walikuwa wameanza kughani rap. Sisi wa roki tulikuwa wanne, na tulihesabiwa kuwa na kasoro fulani. Wimbo tulioutukuza kuliko yote ulikuwa “Wind of Change”, ule unaoanza kwa mluzi. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini mluzi hauhitaji kamusi.

Upande wa pili sikuwahi kuusikiliza hadi mwisho. Ulikuwa wa Kijerumani kitupu, na kila ulipofika tuliigeuza kanda.

Nalieleza hili kwa sababu ya swali ambalo wanafunzi wangu wa historia ya dunia baada ya 1945 huniuliza karibu kila mwaka: je, ni kweli kwamba muziki wa roki uliuangusha Ukuta wa Berlin? Nimekuwa nikilijibu kwa mzaha na kuendelea na somo. Baada ya usiku ule wa Morogoro naona swali lilistahili heshima zaidi, na kwamba nusu ya jibu lake ilikuwa sandukuni mwangu kwa zaidi ya miaka 30.

Tuanze na tarehe, maana ndizo kazi yangu. Scorpions ni bendi iliyoasisiwa Hannover, Ujerumani Magharibi, mwaka 1965. Aprili 1988 walifanya maonyesho kumi Leningrad. Agosti 12 na 13, 1989 walirejea Umoja wa Kisovieti, safari hii katika Uwanja wa Lenin jijini Moscow, pamoja na Bon Jovi, Mötley Crüe, Ozzy Osbourne, Skid Row, Cinderella na wenyeji wao Gorky Park. Tamasha lilitangazwa kuwa la amani na la kupiga vita dawa za kulevya na ulevi. Jambo hilo linachekesha kidogo ukizijua sifa za waliopanda jukwaani, na linachekesha zaidi ukijua kwamba mratibu wake Mmarekani, Doc McGhee, alikuwa amekiri mahakamani mwaka uliotangulia kushiriki njama ya kuingiza bangi nchini mwake. Mwimbaji Klaus Meine amesimulia jinsi askari waliopangwa kuulinda umati walivyogeuka kulitazama jukwaa na kurusha kofia zao juu. Aliporudi nyumbani akatunga wimbo.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 9, 1989. Wimbo ulitoka katika albamu ya Crazy World Novemba 1990, kisha ukatolewa peke yake mwanzoni mwa 1991, ukashika nafasi ya 1 Ujerumani na ya 4 Marekani. Yaani ulitungwa kabla ya Ukuta kufunguliwa, ukiihusu Moscow, na ulimwengu ukausikia mwaka mzima baada ya kazi kwisha. Vijana waliopanda Ukutani na nyundo zao hawakuwa wameusikia kamwe. Aliyeimba pale Ukutani mkesha wa mwaka 1990 alikuwa David Hasselhoff, mwigizaji wa Marekani, akiwa amevaa koti lenye vitaa vinavyomulika. Scorpions walikuja kuupiga wimbo wao kwenye Lango la Brandenburg Novemba 9, 1999, wakisindikizwa na wapiga cello 166, na nadhani siku hiyo ndipo kumbukumbu za watu zilipochanganyika rasmi. Filamu na vipindi vya televisheni vimefanya iliyobaki: picha za nyundo na zege za mwaka 1989 huwekewa sauti ya mwaka 1991.

Hata jina lake, kwa Mwafrika, halikuwa jipya. Februari 3, 1960 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, aliwaambia wabunge makaburu jijini Cape Town kwamba upepo wa mabadiliko unavuma katika bara hili. Wazazi wetu waliujua upepo huo miaka 30 kabla ya mluzi wa Meine.

Moscow yenyewe imeuacha wimbo ukining'inia. Uwanja wa Lenin sasa unaitwa Luzhniki, na ni humo ambamo Machi 18, 2022 Vladimir Putin aliuhutubia umati wiki chache baada ya majeshi yake kuivamia Ukraine. Mwaka huohuo Scorpions waliyabadilisha maneno ya mwanzo ya wimbo wao ili yasiitukuze tena Moscow. (Ule uvumi kwamba wimbo uliandikwa na CIA, uliochunguzwa katika kipindi maarufu cha mtandaoni mwaka 2020 na ambao Meine ameukanusha, nauacha kwa wanaoupenda.)

Sasa nigeuze kanda. Kwenye karatasi ya mjomba upande wa pili una majina matatu: Klaus Renft Combo, Silly na Pankow. Zote ni bendi za Ujerumani Mashariki. Mjomba alipelekwa Leipzig mwaka 1986 kusomea ufundi mitambo, akajifunza lugha, na inaonekana alijifunza pia kusikiliza.

Kupiga roki katika nchi ile kulikuwa shughuli ya kuombea kibali. Tangu mwaka 1958 sheria ilitaka asilimia 60 ya muziki unaopigwa hadharani itoke nchi za kijamaa. Bendi ilipimwa na kamati, ikapewa daraja na leseni, na leseni iliweza kunyang'anywa. Oktoba 31, 1965 vijana wa Leipzig waliandamana kupinga kufungiwa kwa bendi zao. Zaidi ya 200 walikamatwa, na baadhi yao wakapelekwa kufanya kazi kwenye machimbo ya makaa. Mwaka 1975 bendi ya Renft iliitwa mbele ya kamati mjini humohumo, ikaambiwa kwamba haipo tena. Haikuambiwa kwamba imefungiwa, bali kwamba haipo. Wawili kati ya wenzao, Gerulf Pannach na Christian Kunert, walitiwa ndani mwaka uliofuata, kisha wakasukumwa Magharibi. Tusiwacheke Wajerumani peke yao: mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam, na marehemu Remmy Ongala alinyimwa redio kwa wimbo wake wa “Mambo kwa Soksi” wakati ukimwi ukituzika kila wiki.

Kisha likaja tukio ambalo sikuwahi kulifundisha. Septemba 18, 1989, wakati maelfu ya raia wakikimbilia Magharibi kupitia Hungaria, wanamuziki wa roki na watunzi wa Ujerumani Mashariki walikutana Berlin na kutia saini azimio. Tamara Danz, mwimbaji wa Silly, alikuwa miongoni mwao. Walitaka serikali iwasikilize watu wake, vyombo vya habari viache kuficha, na makundi mapya ya kiraia kama Neues Forum yapewe nafasi. Wiki zilizofuata walilisoma azimio hilo jukwaani kabla ya kupiga wimbo wa kwanza. Wakuu waliamuru lisisomwe, na baadhi ya maonyesho yakafutwa. Fikirini maana yake: mtu ambaye leseni, studio na mkate wake vyote viko mikononi mwa dola anasimama mbele ya kipaza sauti na kusoma karatasi, akijua kwamba Ukuta bado umesimama na kwamba miezi mitatu tu iliyopita China imewapiga risasi vijana wake. Oktoba 9 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, na polisi hawakufyatua risasi. Mjomba alikuwa bwenini kwao, wameamriwa wageni wasitoke, na anasema alisikia miguu kabla ya kusikia sauti.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wanapouliza, jibu ni kwamba kama kuna roki iliyotia mkono katika jambo lile, ni hii tuliyokuwa tukiiruka. Wakubwa wa Magharibi walichangia pia. David Bowie alipopiga karibu na Ukuta Juni 1987, vijana wa upande wa pili walikusanyika kusikiliza wakapambana na polisi, na Bruce Springsteen aliimba Berlin Mashariki kwenyewe Julai 1988. Lakini hao walipanda magari yao wakaenda. Waliosoma azimio walilala palepale.

Na hapa ndipo panapouma. Azimio lile halikudai kuufuta ujamaa. Waliotia saini walitaka kubaki na kuirekebisha nchi yao. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 3, 1990, nchi hiyo haikuwapo. Wakala wa serikali ulioitwa Treuhandanstalt ulikabidhiwa mashirika yapatayo 8,500 yenye wafanyakazi takribani milioni 4 ili yauzwe au yafungwe, na ulipomaliza kazi mwishoni mwa 1994 sehemu kubwa ya ajira hizo ilikuwa imetoweka. Kiwanda alichokuwa akifanyia mazoezi mjomba kilifungwa na mafunzo yake yakakatishwa. Mashabiki wa Mashariki walikimbilia kununua sahani za Magharibi, na kwa muda bendi zao wenyewe zilikosa wa kuzisikiliza. Tamara Danz alifariki mwaka 1996 kwa saratani, akiwa na miaka 43.

Upepo huo ulifika na kwetu, kwa mpangilio unaofanana mno. Februari 1990 Mwalimu Nyerere aliufungua mjadala wa vyama vingi. Februari 1991 likaja Azimio la Zanzibar, lililolegeza miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha. Mwaka huohuo Tume ya Nyalali ilizunguka nchi nzima, na takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni wakataka chama kimoja kiendelee, lakini tume ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Uamuzi huo nauona ulikuwa sahihi. Ila pamoja nao ulikuja uamuzi mwingine ambao hakuna tume iliyozunguka kutuuliza: mamia ya mashirika ya umma yawekwe sokoni. Vitabu vyetu huliita tukio la kwanza demokrasia na la pili mageuzi ya uchumi, vikayapa sura mbili tofauti, kana kwamba hayakuingia kwa mlango mmoja, wiki moja, katika nyumba moja.

Katika nyumba yetu yaliingia mwaka 1994. Baba alikuwa fundi mkuu katika kiwanda kimoja cha umma. Nilikuwa likizo, nina miaka 16. Alirudi jioni na bahasha, akakaa barazani, akawasha redio, akaizima. Kwa kawaida jioni zake zilikuwa za Mbaraka Mwinshehe. Wiki zile hakupiga chochote. Mimi nilikuwa uani nikifua sare, na nilipiga mluzi ule wa Meine, jioni baada ya jioni, hadi giza linaingia. Mama alinikataza, akasema mluzi wa usiku huita nyoka. Baba hakusema neno. Kiinua mgongo chake kilichukua miaka kadhaa kutoka, na kilipotoka hakikutosha kuezeka vyumba viwili.

Asubuhi ya baada ya kusikiliza kanda nilimkuta barazani palepale. Nilimwamkia, nikamwekea wimbo wa kwanza kwenye simu. Mluzi ulipoanza aligeuka akanitazama.

“Huu ndio ule wako.”

“Ndiyo, baba.”

“Unasemaje?”

Nikamweleza: Moscow, mto, askari, vijana wanaongoja kesho yao. Nikamweleza na habari za Gorbachev, kwamba wanamuziki hao walimtembelea Kremlin Desemba 1991, siku chache kabla hajajiuzulu. Alisikiliza hadi mwisho.

“Kumbe ni habari za Warusi,” alisema. “Mimi mwaka ule nilidhani unanicheka.”

Sikupata la kujibu. Miaka yote hiyo alikuwa amelibeba, na hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Nilimwomba radhi, akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

“Na huyo Gorbachev, kiinua mgongo chake walimlipa?”

Nikamwambia walimpangia pensheni ya rubo 4,000 kwa mwezi, mfumuko wa bei ukaila, hata ilipofika 1994 haikuzidi dola 2, na mwaka 1997 akaonekana kwenye tangazo la Pizza Hut. Baba alicheka hadi akashika ubavu. Alipotulia aliniambia niurudishe wimbo mwanzo, na baada ya hapo nimwekee na hizo za Kijerumani.