Mgono, Ndoana na Mtoto: Habari za Uvuvi wa Mtoni katika Nchi ya Korogwe na Handeni

Historia ya nchi ya Korogwe na Handeni imekwisha andikwa mara nyingi kwa habari za vita, njaa, misafara, reli na mkonge. Mvuvi wa maji baridi hayumo katika habari hizo, au yumo kwa mstari mmoja tu, kama kwamba mto ulipita katikati ya nchi bure. Sababu yake yaeleweka. Mvuvi wa mtoni hakuacha ngome wala kaburi la mawe. Mgono wake ulioza baada ya misimu michache, na elimu yake aliiweka mahali ambapo mwandishi wa tarehe hapatazami, yaani katika mikono ya mtoto. Nia yangu ni kuifuata elimu hiyo kadiri inavyofuatika. Maana naona kwamba jambo kubwa lililoupata uvuvi wa huku katika miaka mia iliyopita ni kubadilika kwa mwalimu, na kubadilika kwa zana kulikuja nyuma yake.

Nchi yenyewe ina maji ya namna mbili. Kwedizinga na sehemu kubwa ya Handeni ni nchi ya maji ya kuazima. Mvua hunyesha, malambo na mabonde hujaa, vijito vinavyotiririkia Msangasi hupata nguvu kwa majuma machache, kisha jua hudai mali yake. Korogwe kuna mto usiokauka, ambao watu wa pwani waliuita Pangani kwa jina la mji ulio mdomoni mwake, na watu wa bara wakauita Ruvu au Luvu. Msomaji asiuchanganye na Ruvu ule wa upande wa Bagamoyo. Mto huu hupata maji yake katika milima ya Kilimanjaro na Meru, husafiri kama kilometa 500, na karibu na Korogwe hupokea Mkomazi na Luengera kabla ya kuporomoka Hale na kwenda baharini. Kwa hiyo mtoto wa Handeni na mtoto wa Korogwe, ijapokuwa lugha zao ni ndugu, hawakujifunza uvuvi mmoja.

Katika karne ya 19 waliokuwapo kando ya mto huu ni pamoja na Waruvu, majirani wa Wazigua na Wasambaa. Baadhi yao walijenga vijiji juu ya visiwa vya mtoni, wakaviunga na nchi kavu kwa madaraja ya magogo. Kisiwa kilikuwa kinga wakati wa kukamatana na kuuzana, na hapana shaka kilikuwa pia jiko: mtu aliyezungukwa na maji pande zote hakosi kuyajua. Richard Burton na John Speke walipita bonde hili mwezi wa Februari 1857 wakienda Vuga kwa mtawala wa Wasambaa. Macho ya wasafiri wa namna hiyo yalitafuta milima, wafalme na njia za bara; mgono uliozama chini ya maji haukuwa na la kuwaonyesha.

Basi tuutazame sisi. Mgono ni tego la fito, matete au mianzi iliyopasuliwa, lililosukwa mfano wa mtungi mrefu. Mdomo wake una koo la vijiti vinavyoelekea ndani, hivyo kwamba samaki akiingia huvisukuma vikampisha, na akitaka kutoka vikamchoma usoni. Hauhitaji nguvu, wahitaji kujua mahali. Ukitegwa katikati ya mkondo huchukuliwa na maji, na ukitegwa kwenye maji yaliyolala hukaa mtupu. Mahali pake ni pale maji yanapopunguza mwendo nyuma ya jiwe au mzizi, au penye mwanya ulioachwa makusudi katika uzio wa fito uliokatiza kijito. Mdomo huelekezwa kwa kufuata mwendo wa samaki wa msimu ule: mvua zinapoanza, samaki hupanda kwenda kuzaa katika maji ya mafuriko, na maji yanapopungua huteremka kurudi mtoni. Mtu asiyejua tofauti hiyo hutega kwa bidii nyingi na kula mboga za majani.

Ndoana nayo ina elimu yake. Kabla ya ndoana za dukani kuenea, chuma kilitoka kwa wahunzi, na katika pande hizi wahunzi wa Upare walisifika. Mshipi ulisokotwa kwa nyuzi za mimea ya porini, hasa ule mmea wa majani mazito yaliyochongoka ambao Waswahili waliuita mkonge tangu zamani. Ufito ulikatwa kichakani, boya likawa kipande cha bua kikavu. Lakini yote hayo si kitu bila chambo, na chambo ndicho kinachomtenga mvuvi na mcheza maji. Perege hula hasa uoto mwororo wa majini na vijidudu vidogo; humnasa kwa kidonge cha ugali kilichokandwa kikashikamana, juu ya ndoana ndogo, mchana, kwenye maji ya kina kifupi. Kambare hula karibu kila kitu, na hutembea usiku akipapasa tope kwa sharubu zake. Yeye hutakiwa nyungunyungu au utumbo wa kuku, ndoana kubwa, na chambo kilale chini kabisa.

Hapa ndipo mtoto anapoingia. Wazigua kwa desturi ya zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Uvuvi wa ndoana wafaa sana kwa malezi ya namna hiyo, kwani hauna haraka na hauhitaji watu wengi. Somo la kwanza halikuwa ndoana bali ukingo: mto una mamba na viboko, na mtoto hujifunza kusimama nyuma ya mkubwa, kutochota maji mahali pamoja kila siku, na kutoinama penye majani yaliyofunika maji. Somo la pili ni kunyamaza. Kivuli kikianguka juu ya maji perege hukimbia, na kishindo cha mguu humfikia kabla ya sauti. La tatu ni kuvumilia boya. Perege huonja kabla ya kumeza. Boya hutetemeka, hutulia, hutetemeka tena. Mtoto hutaka kuvuta mara moja.

“Mjomba, amekula!”

“Hajala, mjomba. Amebisha hodi. Mngoje aingie.”

(Mpwa na mjomba huitana kwa jina lile lile, na mgeni asikiapo mazungumzo yao hushindwa kujua nani mkubwa.)

Somo la nne ni la kuumiza. Kambare ana mwiba mgumu katika kila pezi la ubavuni, nao humchana mtu vibaya. Mtoto huonyeshwa kumbana nyuma ya kichwa, vidole vikipita chini ya mapezi, wala asimfinye tumboni, kwa maana huteleza kama sabuni. Huko Handeni, ambako lambo likikaribia kukauka kambare hubaki wamejaa katika tope, wakivuta hewa juu ya maji kwa kiungo chao cha kupumulia, mtoto aliweza kulijua somo hili kabla hajapata kushika ndoana hata siku moja.

Somo la tano kwa maoni yangu ndilo kubwa, ijapokuwa ni somo la kutovua. Perege dume huchimba kiota cha duara katika mchanga wa maji mafupi. Jike hutaga hapo, kisha huyaokota mayai kinywani mwake, akayaatamia humo na kuwahifadhi watoto mpaka wawe na nguvu ya kuogelea; siku hizo hali kitu, au hula kidogo mno. Ukimpata jike huyo kwa wavu ukamfungua kinywa, utaona kizazi kizima kikimwagika mkononi. Mtu aliyeonyeshwa jambo hilo akiwa na miaka saba hahitaji kuelezwa kwa barua kwa nini wavu wa matundu madogo hauburutwi juu ya viota.

Nisimfanye mvuvi wa kale kuwa malaika. Aliijua pia utupa, mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa majini huwalevya samaki wakaelea, wakubwa kwa wadogo. Katika dimbwi litakalokauka kesho, hasara yake si kubwa. Mtoni ni uharibifu mtupu, na Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu ya namna yoyote.

Mwalimu wa pili aliyekuja katika bonde hili alikuja na jani. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya katani ya asili ya Mexico kutoka Florida. Ikasalia michache mno, 62 kwa hesabu iliyohifadhiwa, ikapandwa karibu na Pangani. Katika miaka michache bonde lote liligeuka safu za majani ya mikuki. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Jina la mkonge, lililokuwa la mmea wa porini uliotoa mishipi, likahamia kwa mgeni, na leo mtoto akiambiwa mkonge haoni mwingine. Mgeni huyo alihitaji maji mengi ya kuoshea nyuzi, na maji yaliyotoka mashineni, yenye uchachu na takataka za majani, yakarudishwa mtoni. Maji ya namna hiyo huoza na kula hewa ambayo samaki huivuta. Mjomba naye, pale alipokwenda kukata mkonge kwa mshahara, hakuwa na asubuhi tena ya kukaa na boya.

Mwalimu wa tatu alikuwa serikali. Mwaka 1949 yalianzishwa Korogwe, na Malya katika Mwanza, majaribio ya kufuga perege. Mabwawa mengi yalichimbwa, na ikatazamiwa kwamba malambo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu na mifugo yatatiwa samaki vilevile. Kwa nchi kama Handeni lilikuwa wazo jema kabisa: nyama mlangoni mwa mtu ambaye mto uko mbali naye. Lakini mabwawa yale hayakudumu. Ukame ulichangia, njia mbovu zilichangia, na utunzaji na ufundi haukuwa wa kufaa. Kampeni ya taifa ya ufugaji wa samaki ya mwaka 1967 nayo haikufanikiwa. Perege katika bwawa dogo huanza kuzaa angali mchanga. Asipopunguzwa, bwawa hujaa watoto wasiokua, na mwenye bwawa huona vichwa vingi bila kitoweo. Dawa yake ni kuvua mara kwa mara na kwa kuchagua, au kumtia samaki mla nyama awapunguze wadogo. Kuvua kwa kuchagua ndiyo ile elimu ya mjomba. Naona mabwawa yalikabidhiwa watu kama mashimo ya maji, hali yalikuwa kazi ya mvuvi.

Linganisha na jambo lililotendeka Kenya. Katika miaka ya 1920 ziwa la Naivasha lilitiwa perege wa kigeni, kisha likatiwa besi, samaki mla nyama wa Marekani, apendwaye sana na wavuao kwa mchezo. Huko perege alikuwa chakula cha besi, na besi alikuwa furaha ya mwenye ufito. Zana zake zilikuwa za namna nyingine: ufito mwepesi unaopindika, gurudumu la kukunjia uzi, na chambo cha bandia cha mti au bati kinachometa na kucheza majini mfano wa kidagaa kilichojeruhiwa. Besi hujificha kando ya magugu na magogo akaruka juu ya kitu kinachokimbia. Kwa hiyo mvuvi wake hurusha mbali na kuvuta kwa kushtukiza. Mrushie perege wa Korogwe kimetameta hicho kutwa nzima, hatakitazama. Zana huonyesha kama mvuvi amelijua tumbo la samaki wake, na katika hili mwenye gurudumu na mwenye bua wako daraja moja. Watoto wa Marekani nao hufundishwa na wakubwa wao kungoja boya.

Mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe, aliyekuwa amefanya kazi katika kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, Uganda, alitangaza samaki kadhaa wa bonde hili kuwa aina za peke yake, ambazo zilikuwa bado hazijaandikwa katika elimu ya viumbe. Mmoja amepewa jina la ziwa la Jipe. Mwingine anaitwa katika vitabu vya dunia nzima Oreochromis korogwe. Huonekana huku, na kwa ajabu huonekana tena mbali kusini, katika maziwa ya upande wa Lindi. Ni miji michache ya Afrika Mashariki yenye samaki wa jina lake, na mwenye mgono asubuhi ile hakuwa na habari kwamba amemtia kapuni mtu mkubwa hivyo.

Baadaye mto wenyewe ulifungwa. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na katika miaka hiyohiyo lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu huko juu. Uvuvi wake uliwaka kama moto wa makuti, kisha ukapungua. Nyavu za nailoni zikaenea. Handeni ilipata bomba kuu lililochota maji ya mto, na hivyo Ruvu ukawafikia watu bila samaki wake. Wakaletwa pia majini perege wageni, akiwamo sato wa Mto Nile, akuaye upesi na kuzaana na wenyeji. Perege wa Jipe sasa amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kuwatambua wawili hao hakuhitaji chuo. Sato huchukuliwa mkononi, mkia wake ukatandazwa juu ya kiganja: una mistari ya wima, myembamba, iliyopangana kama meno ya kitana. Mkia wa perege wa mtoni hauna mistari hiyo. Chotara huwa na mistari iliyokatika, na huyo ndiye anayetaka macho ya mtoto.