Kamasi, Nyongo na Harufu Kali

Huangdi Neijing, kitabu cha utabibu wa Kichina chenye umri wa miaka ipatayo 2,000, kinasema mfuko wa nyongo ukipeleka joto ubongoni, pua hububujika kamasi chafu isiyokatika. Watu wa kawaida waliuita ugonjwa huo kuvuja kwa ubongo. Upande wa pili wa Asia, matabibu wa mkondo wa Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, akiwamo Ibn Sina (980–1037), nao waliamini kuwa balghamu hushuka puani kutoka kichwani. Elimu yao ndiyo iliyofika pwani yetu na mizani yake ya hari, baridi, rutuba na yabisi. Ilipofika 1660, Conrad Victor Schneider wa Wittenberg alianza kuonyesha kwamba kamasi hutengenezwa na utando wa pua wenyewe.

Kwa hiyo wote walikosea palepale. Walipoachana ni katika namna ya kuagiza dawa.

Kwa tabibu wa Kichina, jina la ugonjwa, sainasi, peke yake halitoshi kuandikiwa dawa. Kamasi ikiwa nzito na ya njano, na pua inawaka, hilo ni joto la mapafu: mgonjwa hupewa Xin Yi Qing Fei Yin, iliyomo katika kitabu cha Chen Shigong cha 1617, ambamo matumba ya magnolia hufuatana na jasi na mizizi ya kupoza. Mdomo ukiwa mchungu na kichwa kinapasuka, nyongo ndiyo inayoshutumiwa, na hapo huingia Longdan Xiegan Tang. Kamasi nyeupe ya majimaji kwa mtu aliyechoka humaanisha mapafu na wengu dhaifu. Huyo hatapozwa hata kidogo, bali atatiwa nguvu kwa mzizi wa huangqi. Linganisha na habbat soda ya pwani yetu: katika Sahih Bukhari imo riwaya ya mbegu tano au saba kusagwa, kuchanganywa na mafuta na kutonwa puani, bila kuuliza rangi ya kamasi. Tuwe waadilifu, Ibn Sina naye aliuliza sana hali ya mwili wa mgonjwa. Kilichobaki majumbani ni mbegu. Maswali yalibaki vitabuni.

Lakini nikizisoma dawa za Kichina zenyewe, naona nadharia inagawa wagonjwa huku mkono ukirudia dawa ileile. Magnolia haikosekani kwa urahisi. Cang Er Zi San, ya Yan Yonghe wa mwaka 1253, ni vitu vinne tu: matumba hayo, vitunda vya miiba vya cang'er, mzizi wa baizhi na nanaa kidogo, unga wake ukinywewa kwa vitunguu majani na chai baada ya chakula. Hata leo matabibu huibandika juu ya dawa nyingine. Vitatu kati ya vinne vina harufu kali, sawa na mkaratusi tunaojifukizia. Nashuku aliyewafundisha ni pua, si nyongo.

Na pua ni mwalimu wa mambo ya upesi. Huzibuka jioni ileile. Ini likiumia wiki kadhaa baadaye, ni vigumu mtu kukumbuka vitunda vya cang'er, ambavyo vina sumu inayolidhuru. Kuvikaanga kunaipunguza, hakuiondoi. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinavitaja kuwa na sumu, na kipimo chake ni gramu 3 hadi 10.