Hugh Cameron Hakuwahi Kuzaliwa

Bi Messer alikuwa na ardhi katika koloni la Victoria, Australia. Alipokuwa Skotlandi, hati zake zilibaki mikononi mwa wakili wa familia, bwana mmoja aliyeitwa Cresswell. Kumwachia wakili hati ni jambo la kawaida, tena la busara. Nani mwingine wa kumwachia? Cresswell akatunga mtu, akamwita Hugh Cameron, akaghushi karatasi za kumhamishia Cameron ardhi ile, akazipeleka kwa msajili. Msajili akaandika jina la Cameron kwenye sajili. Kisha Cameron, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, akaweka ardhi rehani na kukopa pesa kwa familia ya McIntyre. Pesa akazitia mfukoni Cresswell.

Kesi ilipanda hadi London, kwenye baraza lililokuwa kituo cha mwisho cha rufaa za makoloni, na hukumu ikatoka mwaka 1891. Majaji walikuwa na watu wawili wasio na hatia mbele yao: mwenye ardhi aliyeibiwa na mkopeshaji aliyedanganywa. Mmoja lazima aumie. Wakamrudishia Bi Messer ardhi yake ikiwa huru, bila rehani. Sababu yao ni kwamba sheria humlinda anayefanya biashara na mmiliki halisi aliyesajiliwa, nao akina McIntyre walifanya biashara na jina tupu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifanya niache kuona utapeli wa ardhi kama ugonjwa wa Nairobi na Mombasa peke yake. Mfumo tunaoutumia Kenya ulitoka Australia, na utapeli uliufuata tangu ukiwa mchanga.

Aliyeubuni ni Robert Torrens, aliyekuwa mkuu wa forodha huko Adelaide. Wakati ule, kwa sheria ya Kiingereza, kuthibitisha kuwa ardhi ni yako kulitaka ufuatilie mnyororo wa karatasi: fulani alimuuzia fulani, aliyerithi kwa fulani, miaka na miaka nyuma. Kila mauzo yalihitaji wakili wa kuupitia mnyororo huo upya, kwa ada mpya. Torrens alikuwa amezoea sajili za meli, ambako jina la mwenye meli huandikwa katika daftari moja na mambo yakaisha. Akauliza kwa nini ardhi isiwe hivyo. Sheria yake ilipitishwa Januari 1858 na kuanza kutumika Julai mwaka huohuo. Mawakili wa Adelaide waliipinga vikali, na hawakuhitaji kueleza sana kwa nini. Torrens aliruhusu hata wakala wenye leseni, wasio mawakili, kuandaa karatasi za mauzo. Nia ilikuwa mtu wa kawaida anunue kiwanja chake bila kumlipa mtu wa kumsomea historia.

Ahadi ilikuwa hii: usiangalie nyuma ya sajili. Kilichoandikwa ndicho kilichopo. Na likitokea kosa likamuumiza mtu, ulikuwepo mfuko wa fidia.

Mfumo wa aina hii ulifika kwetu na ukoloni. Kwa Kenya nzima tuliletewa sheria ya usajili wa hati ya mwaka 1919, lakini Pwani walitangulia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa maili kumi uliokuwa himaya ya Sultani wa Zanzibar. Kila aliyedai ardhi alitakiwa kupeleka madai yake kwa mrekodi wa hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikawa ya Mfalme wa Uingereza.

Tafadhali isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Waliokuwa na khati zilizoandikwa kwa kadhi, wanaojua kusoma, wanaokaa karibu na ofisi, walikwenda. Wamijikenda wengi hawakwenda, au walikuwa na umiliki wa namna ambayo mrekodi hakuwa na safu ya kuuandika. Kwao ardhi ilikuwa ya ukoo, na mnazi ungeweza kuwa wa mtu huku udongo chini yake ukiwa wa mwingine. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1972, kuhusu Wagiriama na biashara ya minazi. Minazi iliuzwa na kuwekwa rehani mbele ya mashahidi, tembo likanyweka, na ugomvi ukizuka wazee waliokunywa ndio walioulizwa. Hiyo nayo ni sajili, tofauti ni kwamba kurasa zake ni watu. Ina kasoro zake: mashahidi hufa, na tajiri anaweza kununua kumbukumbu. Ila huwezi kumhamishia mnazi Hugh Cameron, maana mtu angeuliza, “Huyo Cameron ni mwana wa nani?”

Matokeo ya 1908 bado yako wazi. Mombasa mtu anaweza kuwa na nyumba aliyoijenga babu yake na akamlipa kodi ya ardhi mwenye hati ambaye hajawahi kumwona. Tunaziita nyumba bila ardhi. Na wale ambao sheria inawaita maskwota mara nyingi wako palepale walipozikwa wazazi wao.

Baada ya uhuru, sajili ikawa chombo cha wakubwa. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003, ilikadiria katika ripoti yake kwamba hati haramu zipatazo 200,000 zilitolewa kati ya 1962 na 2002. Humo mna barabara, misitu, viwanja vya shule na makaburi. Nyingi hazikuwa za kughushi kwa maana ya Cresswell. Muhuri ulikuwa wa kweli, saini ya kweli, ofisi ya kweli. Uongo ulikuwa katika kitendo chenyewe cha kugawa, kwa kuwa ardhi haikuwa ya kugawiwa.

Mwaka jana mjomba wangu alinitumia picha ya hati kwa simu. Kiwanja kipo Kilifi, dalali ni “kijana mzuri wa kanisani”, bei nafuu kwa sababu mwenyewe ana mgonjwa hospitalini. (Mwenye ardhi wa Kenya daima ana mgonjwa hospitalini.)

“Mjomba, umefanya upekuzi kwenye sajili?”

“Nimefanya, mwanangu. Jina ni lake. Muhuri upo. Si wewe ndiye unayesoma sheria? Niambie basi, kuna nini tena?”

Kwa miaka mingi jibu sahihi lingekuwa: hakuna kitu tena, Mjomba. Sheria ya 1919 ilisema hati ni ushahidi wa mwisho, isipokuwa mwenye hati mwenyewe awe alishiriki udanganyifu. Mwaka 1967 baraza lilelile la London, katika kesi ya mke wa New Zealand aliyeghushi saini ya mumewe kwenye rehani, liliamua kwamba aliyenunua nyumba ile bila kujua anabaki nayo. Mnunuzi msafi alilala usingizi.

Usingizi huo Kenya umekwisha. Sheria yetu ya usajili wa ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inaruhusu hati kupingwa pia ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya ndugu wawili wa ukoo wa Maina, ilisema kwamba hati ikishapingwa haitoshi kuipunga hewani, uonyeshe ilikotoka. Kisha Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali. Kilisajiliwa kwanza mwaka 1989 kwa jina la Daniel arap Moi, aliyekuwa rais, kikauzwa kwa kampuni moja, kisha kwa nyingine, Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya watu kwenda baharini. Majaji walisema ile ilikuwa ardhi ya umma, ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na hivyo hakuna hati halali iliyoweza kuzaliwa kutoka humo, hata kwa mnunuzi asiye na hatia. Fidia pia hakuna, kwa sababu Katiba, ibara ya 40(6), haiilindi mali iliyopatikana isivyo halali.

Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Wenyeji wa Mombasa walistahili njia yao. Lakini nayaona pia mambo iliyomfanyia mjomba. Sasa hatoshelezwi na sajili. Inabidi aitafute barua ya kwanza ya ugawaji, ramani ya upimaji, kadi ya kijani yenye orodha ya waliotangulia, na kwa ardhi ya shamba idhini ya bodi ya ardhi. Atembee kiwanjani awaulize majirani nani analima pale. Yaani amerudi kwenye mnyororo wa karatasi ambao Torrens alitaka kuukata, na kwa mashahidi wa Parkin, bila tembo. Na kwa hayo yote anahitaji wakili, tena wakili wake mwenyewe. Kijana wa kanisani alishapendekeza mmoja, “wa pande zote mbili, kupunguza gharama”. Nilimkumbusha mjomba habari za Cresswell. Akaajiri wake.

Wasioweza kulipa wana milango michache. Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, kina ofisi Mombasa na kesi za ardhi na kufukuzwa makazini ni mkate wake wa kila siku. Sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 inaahidi mawakili kwa gharama ya serikali, ahadi iliyo kubwa kuliko bajeti yake. Mapema ndiyo bora: zuio likisajiliwa kabla ardhi haijahamishwa, kesi ni nusu. Likija baada ya mauzo matatu, unajipanga kwa miaka katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kuna jambo moja ambalo hukumu ya 2023 haikuligusa. Ikiwa mzizi wa hati ndio unaohesabika, tuchimbe hadi wapi? Hadi 1989 pekee, au hadi kwa yule mrekodi wa 1908 aliyeandika jina la mtu mmoja juu ya minazi ya ukoo mzima? Niliuliza hivyo kwenye semina muhula uliopita. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu, akasema hilo si swali la semina, nikaliandikie tasnifu. Nimefika sura ya pili.