Koleji ya Saint-Esprit, Usumbura

Skuli ya sekondari iliyoasisiwa na mapadri Wajesuti katika miaka ya 1950 juu ya kilima cha Kiriri, katika mji wa Usumbura (sasa Bujumbura), ambamo Wazungu, Wahindi na Waswahili wa Buyenzi walikaa kila kaumu mtaani kwake, nayo, kinyume cha ada hiyo, ikawakusanya wana wa rangi zote darasa moja. Kwa mtoto wa Kiislamu wa ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, wa Minago au Rumonge, mlango ulikuwa mwembamba zaidi, kwa kuwa elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walihofia mtoto wao angebadilishwa dini. Ajabu ni kwamba, licha ya hofu hiyo ya elimu ya Wazungu, Louis Rwagasore, mwana wa mfalme wa Burundi aliyesoma Ubelgiji miongoni mwa Wazungu, alipata wafuasi thabiti kwa Waswahili hao wa Buyenzi.