Azania na Nasaba ya Jina

Msafiri ashukaye kwenye stesheni ya Doornfontein, mjini Johannesburg, haimlazimu kumtafuta shujaa wa kale ndipo aijue asili ya jina lile, kwani ni la shamba lililokuwa milki ya jamaa ya Bezuidenhout kabla ya habari za dhahabu kuenea mwaka 1886, na maana yake ni chemchemi ya miiba. Ardhi ilijitaja yenyewe.

Amma nchi nzima inayolizunguka shamba hilo, wapigania uhuru waliitakia jina jingine. Chama cha PAC, kilichoasisiwa mwaka 1959 huko Orlando, kusini-magharibi ya mji huo huo, na ambacho viongozi wake walipata hifadhi Dar es Salaam baada ya kupigwa marufuku, kiliiita Azania; na mwaka 1978 jina hilo likachukuliwa pia na chama cha AZAPO.

Wagiriki nao walikuwa na Azania yao, sehemu ya Arcadia yenye milima, na kwa desturi ya wapendao nasaba wakaipa babu: Azan bin Arcas, aliyerithi fungu lake baba yao alipoigawa nchi baina yake na nduguze, Apheidas na Elatus. Pausanias, mwandishi wa karne ya 2, asimulia kwamba Azan alipofariki palifanywa mashindano ya kumwomboleza, ya kwanza ya namna yake, na mbio za farasi zilikuwamo.

Karne moja kabla ya Pausanias, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliita Azania pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, hadi bandari ya Rhapta, iliyopata jina lake kwa mashua zilizoshonwa kwa kamba, mfano wa mitepe ya Lamu. Je, Azan ndiye babu wetu? La, kufanana majina si udugu, na mwenye insafu hamzulii maiti wa Arcadia wajukuu wa ng'ambo ya bahari.

Lakini mtepe, kamba zake zilipochakaa, ulishonwa upya na wale waliousafiria. Ndivyo ilivyo kwa Azania: wakimbizi waliotoka Johannesburg waliishona kwa tamaa ya uhuru, na vijana wa Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, huishona kila wajitajapo, bila ya kumhitaji mwana wa Arcas.